Inchi Moja kwa Futi Moja

Jumapili, 7 Juni 1936

Ulimi huu! Ningeweza ningeukunja nikautia kwenye kasha la cherehani, na kufuli juu.

Gaudens, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, leo katoa lori lake jipya. Mchana kutwa anatunza stoo ya vitunguu ya tajiri mmoja hapa sokoni, jioni anatengeneza malori. Madogo, ya bati la debe, ya kupakata. Kila Jumapili baada ya kanisa rafiki yake Leodegar huja na basi lake la mbao. Leodegar ni seremala wa reli. Wanayapanga juu ya kigoda barazani kwangu, wanayazunguka, wanainama. "Hongera bwana!" "Hongera na wewe!" Basi, ndiyo kazi yao mpaka alasiri. Mimi ndani, dirishani, nashona na kuwasikiliza.

Lori la leo zuri. Nalisema hapa kwa kuwa kule sikulisema. Boneti inafunguka. Milango inafunguka. Ukizungusha usukani, magurudumu ya mbele yanapinda! Leodegar kapiga makofi. Mimi nikaona: usukani ukienda kulia, magurudumu yanaenda kushoto.

Ningenyamaza. Nani aliniuliza? Nikatoa kichwa dirishani —

"Dereva wa lori hilo akishika njia ya Ilala atafika baharini!"

Leodegar alicheka hata akashikilia nguzo. Wapita njia wawili wakasimama kuuliza kulikoni, wakaelezwa, nao wakacheka. Gaudens hakucheka. Alizungusha usukani mara mbili, polepole, akaona. Akasema tu, "Kweli, Bi Saadiya." Akalibeba lori ndani, akafunga mlango.

Saa tisa baraza ikawa tupu. Haijapata kuwa hivyo Jumapili hata moja tangu wahamie.


Jumatano, 10 Juni

Gaudens bado ananiamkia asubuhi, lakini anakiamkia kizingiti, si mimi.

Euphrasia mkewe kaja jikoni kuomba kaa la moto. Nikamwuliza. Akasema mumewe kakusanya koleo, tupa, mkasi wa bati, chuma cha kulehemu, vyote kavitia katika gunia la vitunguu. Jumapili atampa Leodegar achukue. Anasema mtu mzima hachezei makopo.

"Miezi mitatu, Bi Saadiya. Akitoka stoo hata chakula hataki kwanza, mpaka alishike lori lake."

Miezi mitatu yake. Na mimi maneno kumi! Nimeyahesabu.


Alhamisi, 11 Juni

Nimejiuliza: kosa lile nililionaje upesi hivyo?

Ni Abdulla. Miaka sita mume wangu alikuwa na taksi yake, na miaka sita mimi ndiye niliyeshona viti na turubai la juu. Gari likisimama uani nilikaa ndani yake na sindano yangu saa nyingi kuliko abiria yeyote. Nilikuwa nazungusha usukani kwa kujifurahisha, naye ananifokea huku anacheka — utamaliza mipira, mwanamke!

Miaka miwili sasa tangu Abdulla afariki. Gari liliuzwa kabla sijatoka edani. Kaka yake, shemeji Mbaruk, alimpata mtu wa Morogoro, akaliuza mara moja. Sikumlaumu. Nani angeliendesha?

Leo nimefungua daftari langu la ushonaji. Vipimo vyote vimo! Turubai futi sita na inchi mbili. Kiti cha nyuma futi tatu na inchi tisa. Ngazi ya pembeni, mlango, hata upana wa kioo cha mbele, maana nilikishonea pazia wakati wa masika. Nikafanya kila futi inchi moja. Kiti cha nyuma kikawa inchi nne kasorobo.

Nikacheka peke yangu. Anaenea paka mmoja, tena mchanga.


Jumapili, 14 Juni

Leodegar kaja. Gaudens kamkabidhi gunia mbele ya macho yangu, kaingia ndani. Leodegar kasimama nalo barazani kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Halafu kaja mlangoni kwangu, kalibwaga.

"Nitunzie wewe, Bi Saadiya. Mimi nilicheka tu. Wewe ndiye uliyenichekesha."

Kasema kweli.

Nimelifungua gunia. Mkasi wa bati mzito kuliko wa nguo, lakini mkasi ni mkasi.


Jumanne, 16 Juni

Nimeanza kuliunda gari la Abdulla, dogo, la bati. Nataka niujue ugumu wa kazi hii kwa mikono, si kwa mdomo.

Nimefanya kama gauni. Nimekata karatasi kwanza — ubavu, ubavu, mgongo, boneti — nikazibandika kwa uji wa ngano, nikatazama. Gari la karatasi, jepesi hata pumzi yangu inalisukuma. Lakini ni lenyewe! Lile bega la nyuma, vile linavyoinama. Nilikaa nalo mapajani mpaka adhana ya adhuhuri.


Alhamisi, 18 Juni

Bati si kaniki. Bati lina meno. Dole gumba limepasuka.


Jumamosi, 20 Juni

Lehemu haishiki! Inakimbia juu ya bati kama maji juu ya jani la muhogo. Nimetia, imeanguka. Nimetia tena, imeanguka na boneti imeanguka nayo. Nikaitupa uani. Kuku wakaikimbilia.

Nikaenda kuiokota.

Sasa nawaza: huyu bwana kaunganisha boneti, milango, fremu nzima, na hakuna mahali lehemu imevimba. Na mimi nilikaa dirishani nikaona fimbo moja tu ya usukani iliyokaa vibaya.


Jumatano, 24 Juni

Nimempelekea Leodegar maneno kwa Euphrasia. Kapita jana akitoka kazini, hakuuliza nafanya nini, kaona gari la karatasi mezani akatabasamu. Bati, kasema, lisuguliwe kwa tupa mpaka ling'ae, lipakwe tindikali kidogo, na chuma kiwe moto kweli kweli. Asubuhi ya leo imeshika! Vipande viwili tu vya bati, kona moja. Nimevivuta kwa nguvu zangu zote — vimeshika!

Nimepika mkate wa kumimina. Bila sababu. Kwa kona ile.


Jumapili, 28 Juni

Nimeliweka juu ya kigoda.

Leodegar alikuwa peke yake barazani. Gaudens ndani na mlango umerudishwa. Nikatoka na gari langu chini ya kanga, nikaliweka, nikagonga mlango wake.

"Bwana Gaudens. Njoo unicheke."

Nikagonga tena. "Mimi nilicheka lako bila kushika koleo. Sasa nimeshika. Njoo, zamu yako."

Akatoka. Loo, namna lilivyokuwa baya! Limelala upande kama mtu mwenye jipu. Gurudumu moja kubwa kuliko mwenzake. Lehemu kila mahali, kama asali iliyomwagika. Gaudens akachuchumaa. Akalizunguka. Akalizunguka tena, na mimi moyo unanipiga kuliko siku ya arusi yangu.

"Kioo hiki cha mbele," akasema mwisho, "umekitengeneza kwa kitu gani?"

Kwa ulanga, nikamwambia, lile jiwe la tabaka linalopitisha mwanga. Wa taa yangu ya zamani.

"Kimelala sawasawa. Kimeinama kidogo nyuma, kama cha gari la kweli hasa. Mimi vyangu vyote vinasimama wima kama dirisha la nyumba. Sikujua kwa nini malori yangu hayana uhai." Akageuza uso, akanitazama mimi, si kizingiti. "Umepima?"

Nikamletea daftari. Akasoma, midomo inacheza. Leodegar naye akaja begani kwake. Inchi moja kwa futi moja! Wao siku zote hukadiria kwa jicho.

Halafu Gaudens akasema, "Nikwambie na mengine?" Nikasema niambie. Akaniambia. Ekseli nimeichomea mahali pabaya, ndiyo maana gari limelala. Magurudumu ayakereze Leodegar, ana mashine ya kukerezea kule karakana. Lehemu isiwekwe kwa kuogopa: wewe unaipaka nyingi kwa kuwa huiamini, ipake kidogo uiamini. Kila kosa alilitaja, na kila alipolitaja aliligusa kwa ncha ya kidole, na akasema lingefanywaje. Hakucheka hata mara moja. Afadhali angecheka, ningeumia kidogo kuliko hivi.

Nikasema, "Bwana Gaudens, ile Jumapili nilikukosea."

Akasema, "Magurudumu yalikuwa yanaenda kushoto, Bi Saadiya. Hukusema uongo."

"Sikusema uongo, lakini nilianzia mwisho."

Leodegar akatutolea sheria pale pale, kasimama juu ya ngazi kama karani wa boma: tangu leo katika baraza hii asiyejua dawa asitaje ugonjwa. Na anayetaja ugonjwa aseme kwanza mgonjwa ana nini kizima.

Tumekula mkate wa kumimina niliopika tena jana, wote. Gaudens kalichukua gunia lake.


Jumapili, 5 Julai

LINAKWENDA!

Lori la Gaudens. Alilifungua chini, fimbo ya usukani akaitoa mbele ya ekseli akaileta nyuma. Siku nzima. Mimi nimeshika taa na koleo la pili, nimefunga mdomo mpaka taya zikauma. Mara moja tu nilisema, "Bwana Gaudens, ile pini ya kushoto imekaa vizuri mno," na ilikuwa kweli, akaangalia pini ya kushoto, akaona ya kulia haikukaa kama ile. Akacheka! Akasema nimejifunza ujanja.

Saa kumi tukaliweka uani. Kafunga uzi wa kulivuta, kazungusha usukani kulia — likaenda kulia. Likaizunguka ndoo yote, duara kamili, bila kugusa. Euphrasia akapiga vigelegele, jirani wa nyuma akauliza nani anaoa. Leodegar kavua kofia akainama mbele ya lori. Gaudens alikaa chini, mchangani, na suruali yake ya kanisani, akalitazama tu.

"Sasa turubai," nikamwambia. "Lori lako liko uchi. Nitalishonea mimi, kwa kipimo."


Jumatano, 8 Julai

Gaudens kaenda Mchafukoge kununua rangi kwa Jivraj, Mhindi wa duka la vyuma. Kapeleka lori ili apate rangi inayolingana. Jivraj kalichukua mikononi, kaiita familia yake yote kutoka nyuma, kauzungusha usukani, kauzungusha tena. Akasema yapo mengine kama haya? Yaleteni yote. Dirisha lake la mbele, lile la kioo, atatoa sufuria zote, atayaweka wiki nzima. Na kila moja liwe na kadi: jina la aliyetengeneza.

Gaudens kaja mbio toka Mchafukoge, mtu mzito vile! Alifika hawezi kusema.

Zimebaki wiki moja na nusu mpaka yaingie dirishani. Langu bado halina milango.


Ijumaa, 10 Julai

Shemeji Mbaruk kaja baada ya sala, na mwavuli wake na kanzu yake nyeupe isiyo na hata kunyanzi. Huja kila mwezi kunijulia hali. Sikuisikia hodi yake. Gari liko mezani.

"Nini hii, shemeji?"

"Gari la Abdulla."

Aliinama. Nikadhani atalishika. Mkono ulifika karibu, ukarudi. Akasimama wima, na uso umebadilika.

Akasema mengi, yeye asiyesema mengi. Mjane wa nyumba yetu anachezea makopo barazani na wanaume. Marehemu aachwe apumzike. Nikamwambia litawekwa dirishani kwa Jivraj — ni heri asikie kwangu. Yeye duka lake la vitambaa liko milango mitatu tu kutoka pale. Akapauka.

"Likionekana dirishani, shemeji, mguu wangu hapa ndio mwisho."

Akaondoka bila kunywa kahawa. Sina ndugu mwingine mji huu. Mama na dada zangu wako Pangani. Homa ilipompata Abdulla, Mbaruk ndiye aliyelala mlangoni siku tisa.

Nimelifunika gari kwa upande wa kanga.


Jumatatu, 13 Julai

Sijaligusa.

Jana hawakunisukuma. Leodegar aliacha magurudumu manne mezani, ya mninga, laini kama shanga, yote sawasawa. Hakusema kitu. Euphrasia ndiye aliyesema, alipokuwa akinisaidia kuchambua mchele: "Kwetu mtu akifa tunapanda mgomba pale alipokaa. Hatufichi pale alipokaa." Kisha akaendelea kuchambua.


Jumanne, 14 Julai

Gaudens kagonga leo, kasimama nje ya kizingiti kama ilivyo adabu yake.

"Bi Saadiya, sikuja kukuambia upeleke au usipeleke. Nina mashaka na jambo moja tu. Mlango wa nyuma, bawaba zake zilikuwa mbele au nyuma? Daftari halisemi."

Nyuma! nikasema. Zilikuwa nyuma, mlango ulifunguka kwa kupokea upepo, Abdulla alikuwa akiwaonya abiria kila siku. Nikafunua kanga kumwonyesha. Tukalitazama. Na mkono wangu ulikuwa umekwisha chukua koleo kabla sijajua.

Huyu mtu alijua vizuri bawaba ziko wapi. Madereva wamejaa mjini, angeuliza yeyote. Mungu ambariki.


Jumamosi, 18 Julai

Rangi ya kwanza. Kijani ya majani ya mwembe, kama lilivyokuwa. Gaudens kasema brashi yangu inaacha mistari, nitumie kipande cha hariri. Hariri! Ninazo kapu zima.

Leodegar kaonyesha basi lake. Mimi nikasema viti vimepangwa vizuri, kila mtu atakaa na magoti yake — ila ngazi ya kupandia iko juu, mama mjamzito atapandaje? Akakuna kichwa. Akaishusha robo inchi.


Jumapili, 19 Julai

Limekwisha.

Viti vyeusi, nimejaza pamba, mishono yake ileile. Turubai linakunjwa. Milango minne, mlio wake "tak!" Taa mbili zimeng'aa, mviringo safi, nimezisugua kwa majivu mpaka unajiona. Leodegar kalishika kasema maneno mazuri mengi, halafu kwa shida akatafuta ugonjwa, akakosa. Akasema honi ingekuwa nyembamba zaidi. Nikamwambia asante, honi ni ya kifungo cha shati, iko hivyo hivyo.

Gaudens na kadi na kalamu: "Niandike nani? Nyumba ya marehemu Abdulla?"

Nikawaza mwavuli wa Mbaruk ukienda zake kwenye jua.

"Andika Saadiya binti Salem."

Ana mwandiko mzuri, wa misheni. Ameandika polepole. Nililiangalia jina langu likitoka herufi moja moja.


Jumatatu, 20 Julai

Yamo dirishani. Sikwenda. Gaudens anasema watu wapo. Wangapi? Wapo, anasema, na anacheka.


Alhamisi, 23 Julai

Nimekwenda. Buibui, na nimefunika mpaka macho tu. Lo!

Watu wamejaa njiani hata mkokoteni ukashindwa kupita. Magari yetu yako katikati ya kioo, matatu, na chini Jivraj katandaza mchanga wa kweli. Lori la Gaudens na turubai langu. Basi la Leodegar. Na la Abdulla, mbele kabisa.

Nikasimama nyuma. Madereva sita saba wa taksi wameacha magari yao yamefunga barabara. Mmoja mrefu, mwenye jino la dhahabu, kalitambua mara moja — gari la marehemu Abdulla! Mwenzake akakataa, akasoma kadi. Wakabishana. Mrefu akasema ni lenyewe, tena fundi huyu ana jicho, tazama bega lile la nyuma, tazama bawaba zilivyo. Masikio yangu yakawaka moto! Halafu akasema: ila kakosea ngazi ya pembeni. Iko juu mno.

"Haiko juu!" "Iko juu, mimi nimelipanda." "Wewe ulipanda lini?" Robo saa nzima, wanapimana kwa mapaja yao, mmoja akainua mguu hewani. Nilijiambia, Saadiya, ulimi. Saadiya, nenda nyumbani.

"Ilikuwa futi moja na inchi tatu kutoka ardhini," nikasema. "Niliipima mwenyewe."

Wote wakageuka.

"Nani wewe, bibi?"

Ningesema mjane wake. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni, miaka miwili nalitumia.

"Fundi."

Yule mrefu akagusa kofia yake. "Shikamoo, fundi," akasema — na mtu yule ni rika langu, pengine kanizidi! Wakacheka, lakini kile kicheko kizuri, kinachokuvuta ndani. Akaniambia kwa heshima: inchi tatu sawa, gari likiwa tupu. Lakini Abdulla hakukosa abiria. Sisi tulilijua limejaa, limeshuka. Ulitengeneza gari linalongoja, bibi.

Ana haki! Sikulifikiria. Nimerudi nyumbani natembea kama nina miaka kumi na sita, nawaza jinsi ya kulegeza springi.

Milango mitatu kutoka pale, duka la vitambaa lilikuwa limefungwa nusu. Sikumwona mtu.


Jumamosi, 25 Julai

Jivraj kasema yakae wiki nyingine. Mzungu mmoja wa bandari kauliza kama lori linauzwa. Gaudens kasema hapana kabla Mzungu hajamaliza kusema.

Watu wanne wamekuja barazani leo na vitu vyao. Mmoja fundi makopo wa Msimbazi, kaleta gari la magurudumu matatu tu, la nne halijapatikana. Tumelizunguka. Leodegar kaanza na kilicho kizima, kama sheria yake inavyotaka, na akakipata.


Jumapili, 26 Julai

Naandika jikoni, upesi.

Baraza imejaa. Watu tisa leo. Langu nimelitoa dirishani jana ili nilishushe springi, liko juu ya kigoda, zamu yangu. Yule dereva mrefu yupo, Gaudens yupo, Euphrasia kaleta ndizi. Ghafla watu wakageuka kutazama njiani. Mwavuli. Shemeji Mbaruk.

Nikasimama. Yeye kasalimu wote, kakaa kwenye mkeka na kanzu ile nyeupe. Kauliza, "Ni zamu ya nani?" Gaudens kamwambia ya Bi Saadiya. Anayetaka kusema anaanza na kizuri.

Akalitazama muda mrefu. Akasema kizuri: viti. Kwamba alisikia harufu ya viti vile alipokitazama kioo cha Jivraj. Alikuwa akienda kila siku baada ya kufunga duka, watu wakiisha ondoka.

Halafu akasema, "Taa ya kushoto si hivyo. Ilikuwa imebonyea."

Naijua ile taa! Iligongwa kwenye mnazi, kule Msimbazi. Abdulla aliniambia alisinzia. Nami niliitengeneza nzima kwa makusudi. Sikutaka mji wote uone kosa lake.

"Hakusinzia," akasema Mbaruk. Sauti yake ndogo. "Hakuwamo. Nililichukua alfajiri bila ruhusa, nikajifundishe kuendesha. Niligonga mimi. Akasema kwa watu ni yeye, maana mimi ni mkubwa wake, angeniaibishaje? Hakulitaja tena mpaka kufa. Taa ile ilikuwa ikinitazama, shemeji. Ndiyo maana nililiuza upesi."

Dereva mrefu katazama chini.

Ndipo akafuata sheria, hata sijui nani alimfundisha: akataja dawa. Akaomba koleo. Anataka kuibonyeza mwenyewe, kwa mkono wake, pale mahali pake, mbele ya watu hawa.

Nimesema naingia kutia chai. Maji yanachemka, majani sijatia. Taa ile niliisugua siku mbili mpaka ikawa kama mwezi. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kutengeneza. Na si ya kweli.

Koleo liko hapa, mkononi mwangu. Nimeingia nalo.

Shemeji anakohoa barazani. Gaudens anamwambia taratibu, sasa hivi anakuja, atakuja tu —